Chupa ya Chipsi

"Hodi hodi!"

"Karibu. Nikupe nini?"

"Nipe chupa ya chipsi."

Nimeishi na maneno haya zaidi ya miaka thelathini. Yalitoka kwenye televisheni ya nyumbani kwetu Mombasa, wakati huo nina umri kama wenu, na kila yaliponijia nilicheka peke yangu, hata nikiwa kwenye foleni ya benki. Lakini mtu akiniuliza nacheka nini, nilikwama. Kipindi kiliitwaje? Sijui. Mchekeshaji alikuwa nani? Sijui. Kilitoka nchi gani? Hata hilo sikulijua. Nilichokuwa nacho ni duka tu. Meza ya mbao, mitungi ya vioo yenye peremende imejipanga nyuma, mwenye duka amesimama na kikoi chake, na mteja anaingia akitaka auziwe chipsi kwa chupa, kama mtu anunuaye mafuta ya taa.

Kaeni vizuri niwaeleze nilivyokitafuta kipindi hicho mpaka nikakipata, na nilivyogundua kwamba sehemu kubwa ya nilichokikumbuka haikuwamo.

Kwanza muielewe televisheni ya wakati ule. Ninyi kipindi kinawangojea. Mkikikosa leo mtakiona kesho, na mkitaka mtakirudisha nyuma mara kumi. Cha kwetu hakikumngojea mtu. Kilipita kama ngalawa mbele ya bandari: ukienda jikoni kuchukua maji, ukirudi unaona ncha ya tanga tu. Na idhaa ilikuwa moja. Kenya ilianza kurusha televisheni mwaka 1962, na kuanzia 1964 hadi 1989 shirika la utangazaji liliitwa Sauti ya Kenya, sisi tukisema VoK. Baadaye likawa KBC. Kituo cha kwanza cha kibinafsi, KTN, kilikuja mwaka 1990. Kwa hiyo jioni za utoto wangu, kila nyumba yenye televisheni ilikuwa inatazama kitu kilekile. Ungeweza kutembea kichochoroni ukasikia kicheko kimoja kikitoka dirisha hadi dirisha.

Ya kwetu baba aliinunua mwaka 1987 ili aone Michezo ya Afrika, iliyofanyika Kasarani, Nairobi, mwezi wa Agosti. Ilikuwa ya inchi 14, nyeusi na nyeupe. Antena tuliifunga juu ya boriti ya mkoko nje ya dirisha la sebule, na mlinzi wa antena nilikuwa mimi. Kaskazi ilikuwa haina taabu kubwa. Lakini kusi! Upepo ukishika kasi boriti inazunguka, picha inajaa chenga, na sauti ya baba inatoka dirishani: "Geuza! Zaidi! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse!" Nikiachia tu, chenga zinarudi. Basi nasimama nje gizani nimeikumbatia boriti, nasikia watu wanacheka ndani.

Lishikeni jambo hili la boriti. Mimi mwenyewe nililisahau, na kulisahau kulinipotezea miaka.

Ndani, juu ya kitanda cha kamba, alikaa bibi yangu mzaa baba. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, na Kiingereza alikuwa hakijui. Pembeni yake alikaa shangazi yangu, aliyesoma mpaka kidato cha nne, na yeye ndiye aliyekuwa macho na masikio ya bibi. Kila lililosemwa kwenye kioo shangazi alilitia Kiswahili papo hapo. Mnamjua DJ Afro, anavyoichukua filamu ya kigeni akaisimulia mpaka ikawa ya kwetu? Shangazi alikuwa akiifanya kazi hiyo sebuleni kwetu kila jioni, tena bila kipaza sauti. Mtu mnene alimpa sauti nzito, mtoto akampa nyembamba. Mzungu akifika mlangoni, shangazi alipiga hodi kwa niaba yake. Mzungu akila mkate, bibi aliambiwa ni mkate wa mofa. Sisi tulikuwa tukicheka kwanza, kisha bibi anacheka baada yetu, kisha tunacheka tena kwa sababu bibi amecheka.

Nilipoanza kukitafuta kipindi kwa dhati nilikuwa mtu mzima mwenye kazi na familia. Maneno niliyokuwa nayo yalikuwa ya Kiswahili, kwa hiyo nikatafuta kichekesho cha Kiswahili. Nikaanza na Vitimbi, kipindi ambacho wazazi wenu hawawezi kukitaja bila kutabasamu. Humo alikuwamo Mzee Ojwang' na miwani yake mikubwa na Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kijaluo, ingawa aliyemwigiza, marehemu Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Alifariki Julai 2015, na nchi nzima ikamlilia. Ubavuni pake alikuwa Mama Kayai, yaani Mary Khavere, ambaye ulimi wake ulikuwa haushindwi na mtu. Nikapita pia kwenye Vioja Mahakamani na Usiniharakishe. Niliona mengi ya kunifurahisha. Chupa ya chipsi sikuiona.

Nikawa nauliza watu. "Unakikumbuka kile kichekesho cha mtu anayeingia dukani akataka chupa ya chipsi?" Na hapa likatokea jambo la ajabu: karibu kila niliyemuuliza alikikumbuka! Mmoja alisema duka lilikuwa na mlango wa buluu. Mwingine alisema mwenye duka alikuwa na ndevu. Wa tatu, ambaye siku zote alikuwa hakosi Vitimbi hata akiwa na homa, alisema kulikuwa na mizani juu ya meza. Nilizidi kupata moyo. Sikujua kwamba nilikuwa nawapa watu duka mkononi, kisha nafurahi wakinirudishia.

Kuna jaribio moja mashuhuri linaloeleza kosa langu. Mwaka 1974 huko Marekani, Elizabeth Loftus na mwenzake John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za magari yakigongana. Kisha wakawauliza magari yalikuwa yakienda kwa kasi gani. Wengine waliulizwa yalikuwa na kasi gani "yalipogongana", wengine "yalipobamizana". Neno moja tu limebadilika. Walioulizwa kwa neno zito walitaja kasi kubwa zaidi. Baada ya wiki moja wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika, na wale wa neno zito ndio waliojibu ndiyo kwa wingi zaidi. Vioo vilivyovunjika havikuwamo kwenye filamu. Basi mkitaka kumuuliza mtu anakumbuka nini, muulizeni kwa swali tupu. "Ulikuwa ukitazama nini jioni?" Kisha nyamazeni, mwacheni afungue mlango wake mwenyewe.

Baada ya Kiswahili kushindikana, rafiki mmoja akaniambia, "Hiyo ni Mind Your Language, hakuna nyingine." Hicho ni kichekesho cha Kiingereza cha darasa la jioni mjini London, ambamo watu wazima kutoka nchi mbalimbali wanafundishwa Kiingereza na mwalimu mpole aitwaye Bwana Brown, aliyeigizwa na Barry Evans. Vipindi 29 vya kwanza vilionyeshwa kati ya mwaka 1977 na 1979. Nilivitazama vyote. Mtu kutaka chipsi kwa chupa kwa sababu hajui lugha, hilo lingefaa sana katika darasa lile. Lakini halikuwamo. Usiku niliomaliza cha mwisho nilisikia huzuni, kama mtu aliyefika mwisho wa barabara akakuta ukuta.

Ndipo nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya mwanzo. Nilichukua karatasi, nikaigawa katikati kwa mstari. Upande mmoja nikaandika KIOO, upande wa pili nikaandika SEBULE. Kisha nikaanza kuichambua kumbukumbu yangu kama mtu anayechagua mchele, chembe moja moja: hili lilikuwa kwenye kioo, au lilikuwa kwenye sebule yetu?

Picha nyeusi na nyeupe: sebule. Televisheni yetu isingeweza kuonyesha rangi hata kama ingeletewa upinde wa mvua. Kumbe nilikuwa nimekitafuta kipindi kati ya vile vya zamani visivyo na rangi, bila sababu.

Maneno ya Kiswahili: sebule. Hapo nilishika kichwa. Sauti niliyokuwa nikiisikia akilini ikisema "nipe chupa ya chipsi" haikuwa ya mchekeshaji yeyote. Ilikuwa ya shangazi.

Upepo: sebule. Ndani ya kumbukumbu ile kulikuwa na mvumo, na kwa miaka nilidhani ni muziki wa kipindi. Ulikuwa ni kusi. Na kusi ilinipa tarehe, kwa sababu kabla ya kusi ya 1990 baba alikuwa ameshaihamishia antena juu ya paa kwa bomba la chuma, nami nikastaafu kazi yangu. Umebaki mwisho wa kusi ya 1987, na kusi mbili nzima, ya 1988 na ya 1989.

Upande wa KIOO ulibaki na vitu viwili. Cha kwanza ni uso wa mtu: mwembamba, uso unaonyumbuka kama unga uliokandwa, mtu ambaye akiegemea kitu kinaanguka. Cha pili nilikipata kwa njia ya mchezo. Nilikumbuka kwamba mimi na ndugu zangu tulikuwa tukimwigiza mtu yule uani, mmoja anachezesha mdomo na mwingine, amejificha nyuma yake, anasema. Raha ya mchezo ilikuwa kwamba mdomo uendelee kwenda baada ya sauti kwisha. Kwa nini tulicheza hivyo? Kwa sababu ndivyo tulivyoona. Mdomo wa yule mtu haukulingana na sauti yake.

Mkiona mdomo na sauti havilingani, jueni sauti imetiwa baadaye. Mtu yule hakuwa Mwingereza wala Mmarekani. Alikuwa akisema lugha nyingine, na Kiingereza kile kilibandikwa juu yake, kisha Kiswahili cha shangazi kikabandikwa juu ya Kiingereza. Alikuwa amenifikia akiwa amevaa kanzu mbili, moja juu ya nyingine.

Nilisafiri hadi Nairobi, nikaingia kwenye Hifadhi ya Taifa pale Moi Avenue, jengo ambalo zamani lilikuwa Benki ya India, nikaomba magazeti ya miezi ya kusi. Magazeti ya kila siku yalikuwa yakichapa ratiba ya televisheni, kijisanduku kidogo ambacho watu walikuwa wakikikata na kukibandika ukutani. Ukurasa baada ya ukurasa, vidole vyangu vikawa vyeusi. Na nikaanza kuona kitu ambacho utotoni sikukijali: jinsi vipindi vya Ujerumani vilivyokuwa vingi. Football Made in Germany. Telematch, ile michezo ya miji ambamo watu waliovalishwa mavazi ya majitu makubwa walianguka ndani ya maji. Kulikuwa na shirika huko Köln liitwalo Transtel, ambalo kazi yake ilikuwa kuchukua vipindi vya televisheni ya Ujerumani, kuvitia Kiingereza, Kifaransa au Kihispania, na kuvipeleka kwenye vituo vya Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Kituo chenye fedha kidogo kilipata kitu cha kujaza jioni, na Ujerumani ikapata kujulikana. Ndiyo maana kuna watu wa rika langu wanaoyajua majina ya timu za Ujerumani za miaka hiyo kuliko ya wilaya zetu.

Kisha jicho langu likatua kwenye maneno matatu: Didi's Comedy Show.

Didi! Nilitamani kupiga kelele, lakini mle ndani watu walikuwa wakisoma. Shangazi alikuwa akimwita "Didi wetu". Neno hilo nilikuwa nalo siku zote, ila nilidhani ni jina la jirani.

Hapo mtadhani kazi imekwisha. Haijaisha, kwa sababu Mjerumani ukimtajia Didi's Comedy Show hatakuelewa. Kanzu ya Kiingereza ilishonewa safari tu. Kwao kipindi kinaitwa Nonstop Nonsens, na vipindi vyake 20 vilionyeshwa kati ya mwaka 1975 na 1980. Didi ni Dieter Hallervorden, aliyezaliwa Dessau mwaka 1935. Dessau ilikuja kuwa upande wa Ujerumani Mashariki, naye mwaka 1958 akakimbilia Magharibi. Mwaka 1960 akaanzisha Berlin ukumbi wa vichekesho uitwao Die Wühlmäuse, jina la panya wadogo wachimbao mashimo. Skechi nyingi, yaani vichekesho vifupi, za Nonstop Nonsens aliziigiza na Rotraud Schindler, aliyekuwa mkewe. Na msidhani aliishia kwenye kuanguka na viti. Mwaka 2013, akikaribia miaka themanini, aliigiza katika filamu iitwayo Sein letztes Rennen kama mzee anayeishi kwenye nyumba ya wazee na kuamua kukimbia marathoni ya Berlin, na mwaka uliofuata akapewa tuzo ya filamu ya Ujerumani ya mwigizaji bora.

Kuna jambo jingine sitawaficha, kwa sababu nimewaahidi kueleza nilichokipata, kitamu na kichungu. Mwaka 2025, kwenye sherehe ya miaka 75 ya idhaa ya ARD, Hallervorden alirudia skechi yake mashuhuri kuliko zote, na ndani yake akatamka majina mawili ya vyakula ya kizamani, moja lenye neno la kuwadharau watu weusi, jingine la kuwadharau watu wa jamii ya Roma. Wengi Ujerumani walikasirika, na mimi niliumia, kwa sababu tuliomcheka kwa upendo sebuleni Mombasa tulikuwa watu weusi. Ninampenda Didi wa utoto wangu, na neno lile nalikataa. Yote mawili ninayo.

Kabla sijaiona skechi yenyewe, nilikuwa na hofu moja. Kujua jina la kipindi si kukipata. Vipindi vingi vya zamani vimepotea kabisa, kwa sababu tepu zilikuwa ghali na vituo vilifuta cha jana ili kurekodi cha leo. BBC yenyewe, pamoja na utajiri wake, ilifuta vichekesho ambavyo leo ingetoa fedha nyingi kuvipata. Kichekesho chao kiitwacho Dad's Army kilikuwa na vipindi 80, na vitatu bado havijulikani viliko. Lakini kinachonipa matumaini mimi ni habari ya Jos, Nigeria. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba kwenye kituo kimoja cha kurushia matangazo mjini humo yamepatikana makopo 11 ya filamu za Doctor Who, kipindi cha hadithi za kubuni za sayansi, na tisa kati yake yalikuwa na vipindi ambavyo Uingereza ilishakata tamaa navyo. Uingereza ilifuta, Afrika ikahifadhi. Kwa hiyo kama kuna rafu yenye makopo ya kutu au tepu nyumbani kwa babu yenu, msitupe kitu kabla ya kukitazama.

Cha Didi hakikupotea. Wajerumani wanakipenda mno. Na ile skechi yangu nilikuta wanaijua kwa moyo, wazee kwa watoto. Wanaiita kwa sauti ya kengele ya mlango wa duka, "palim palim", na mteja anataka "eine Flasche Pommes frites". Chupa ya chipsi! Shangazi, alipoisikia ile kengele, alifanya alilolifanya siku zote. Kwetu mlango hauna kengele. Kwetu mtu hupiga hodi.

Nikaketi mbele ya kompyuta, nikabonyeza, nikangoja duka.

Hakukuwa na duka.

Nilirudisha mwanzo nikatazama tena. Ni chumba cha gereza. Wafungwa wawili, Hallervorden na Gerhard Wollner, wamefungiwa humo na wamechoka na siku zisizokwisha, basi mmoja anamwambia mwenzake wacheze kuigiza: wewe uwe mwenye duka, mimi niwe mteja, niingie. "Palim palim" anaisema kwa mdomo, kwa sababu hata mlango wa duka haupo. Hakuna meza, hakuna mitungi ya peremende, hakuna kikoi. Mitungi ile ilikuwa ya Mshihiri mwenye duka wa mtaani kwetu. Kikoi kilikuwa chake pia.

Nikafikiri nimeelewa. Mwaka 1932 Frederic Bartlett, wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliandika jinsi alivyowasomesha Waingereza hadithi ya watu wa asili wa Amerika ya Kaskazini, kisha akawaomba waisimulie tena baada ya muda. Mitumbwi ikageuka mashua. Kuwinda sili kukageuka kuvua samaki. Kila kigeni kikavikwa nguo za nyumbani bila msimuliaji kujua. Na mimi, niliyekuwa nje nimeikumbatia boriti usiku ule, nikisikiliza kwa dirisha, sikuona hata picha moja ya skechi ile. Nilisikia hodi, nikasikia chipsi, nikajenga duka kwa mbao nilizokuwa nazo. Nilirudi Mombasa nimeridhika kwamba fumbo limefumbuka lote.

Jioni moja nikaenda Kisauni kwa shangazi. Ni mtu mzima sana sasa. Ami yangu, mdogo wa mwisho wa baba, anaishi naye, na alikuwa amekaa pale barazani akimenya machungwa.

"Masalkheri, shangazi. Nimekuletea mgeni," nikasema, nikamshikisha simu.

Alivaa miwani. Alipouona uso ule alipiga kofi. "Didi wetu! Yu hai?"

"Yu hai. Tazama."

Kilikuwa Kijerumani kitupu, hakina tafsiri. Akatazama mpaka mwisho, midomo yake ikitikisika kidogo. Nikaanza kumweleza habari za kumbukumbu, na duka, na Mshihiri, na kwamba akili yangu ilijenga kitu ambacho hakikuwapo. Aliniacha niseme mpaka nikamaliza.

"Duka hukulijenga wewe," akasema. "Nililijenga mimi."

Sikuelewa.

"Niliona wako jela, mwanangu. Kiingereza nilikijua, na macho nilikuwa nayo." Alishusha sauti, ingawa barazani tulikuwa watatu tu. "Kusi ile ami yako alikuwa ndani. Ulikuwa mwezi wake wa tatu. Bibi yako alikuwa halali, hali. Jioni ile ndiyo mara ya kwanza alikubali kutoka chumbani akae nasi. Sasa Didi anatokea amefungwa. Nimwambie nini mama yangu? Nikawafungulia duka. Nikamwambia kuna meza, kuna mitungi, kuna Mshihiri na kikoi chake. Bibi yako akacheka mpaka akajifuta macho."

Ami alikuwa ameacha kumenya. Habari hiyo alikuwa hajaisikia. Aliuweka ukanda mrefu wa ganda juu ya sahani, akajipangusa mikono taratibu, akanyoosha mkono kutaka simu.

"Irudishe mwanzo," akasema. "Na wewe, dada, nitafsirie. Safari hii usinitie duka."

Nikairudisha. Wale wawili wakatokea kwenye chumba chao, na shangazi akajiweka sawa kama alivyokuwa akijiweka pembeni ya kitanda cha kamba.

"Wamefungwa hawa," akasema. "Siku haziendi. Huyu anamwambia mwenzake, ngoja nikuchekeshe."

Ami akatikisa kichwa. "Ndivyo ilivyo," akasema.

"Sasa anakuja mlangoni." Shangazi akanyamaza kidogo, kisha akaitoa ile sauti ya zamani, nyembamba, ya kunyumbuka. "Hodi hodi!"

Na ami, macho yake kwenye simu, akaitikia:

"Karibu. Nikupe nini?"